Begi Mgongoni, Watu Wanane: Namna ya Kuzunguka Nchi Jirani kwa Basi Kutokea Mtwara

Mkazi wa Mtwara au Lindi anayetaka kuzunguka nchi jirani kwa basi, begi likiwa mgongoni na msafara ukiwa na watoto, wazee na marafiki, hukutana na tatizo ambalo miongozo mingi ya safari hailijui: fedha na nafasi haviji kwa wakati mmoja. Fedha ya korosho huanza kuingia minada inapofunguliwa mwezi Oktoba na huendelea kuingia hadi mwisho wa mwaka, wakati ambao Malawi na Zambia mvua zinaanza kunyesha na hazikatiki hadi Aprili. Majira mazuri ya barabara ni Juni na Julai, kwa kuwa shule zimefungwa, matope yamekauka na mbu wamepungua. Lakini miezi hiyo ndiyo mikorosho huchanua na kupuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na mkulima anayeruka duru moja ya kupulizia huiona hasara yake mnadani.

Sisi tulilitatua hivi. Kila mmoja alitenga sehemu yake mara tu malipo ya korosho yalipoingia Desemba, ikawekwa kwenye akaunti ambayo hakitolewi kitu bila saini za watu wawili, ikalala hapo miezi sita. Kaka yangu alikubali kubaki na mashamba ya familia mbili, na ujira wake uliingizwa kwenye bajeti ya safari kama nauli ya mtu wa tisa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona misafara miwili ikivunjika Mei, mmoja kwa fedha kuliwa kidogo kidogo tangu Januari, na mwingine kwa baba wa familia kugundua wiki ya mwisho kwamba hana wa kumwachia shamba.

Mkekani, kabla ya ramani

Tulikuwa wanane: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili wa miaka 12 na 9, shangazi yangu mwenye miaka 61, marafiki wawili niliosoma nao, na mpwa wa mmoja wao, kijana wa miaka 19. Nisingependa kuongoza watu zaidi ya hao. Wanane huingia kwenye vyumba vitatu vya gesti, hutosha kwenye meza mbili za mgahawa, na mtu mmoja anaweza kuwahesabu kwa kuangaza macho stendini. Wakifika kumi na mbili, kila asubuhi kuna mmoja anayesubiriwa.

Wakalisheni wote kwenye mkeka, watoto wakiwamo, na mzungumze mambo ambayo watu wazima huyaonea aibu. Nani anakoroma? Nani hali samaki asiye na magamba? Wanaoswali watahitaji basi lisimame, au wataunganisha na kupunguza swala kama wasafiri? Anayetaka bia jioni atakunywa wapi, ikiwa analala chumba kimoja na watoto? Kwetu kusini, ambako familia moja huwa na Waislamu na Wakristo, maswali haya si mageni, ila nyumbani kila mtu ana mlango wake. Safarini mlango ni mmoja, na yasiyosemwa Mtwara husemwa kwa hasira Lilongwe.

Kasi ya msafara ipangeni kwa miguu ya aliye nyuma. Kanuni yetu ilikuwa kwamba siku moja ya basi refu hufuatwa na siku moja isiyo na basi kabisa, na shangazi alipewa haki ambayo hakuna aliyeweza kuipinga: akisema leo hatusafiri, hatusafiri. Aliitumia mara moja tu katika siku 25, na mara hiyo mtoto mdogo alikuwa ameanza kuhara bila sisi wengine kujua. Kwa upande wa pili, vijana wasifungwe kamba. Ruhusuni watu kuachana kwa mpango, yaani wawili au watatu waende mlimani kwa siku mbili na kukutana na wengine mahali na siku iliyoandikwa kwenye daftari.

Kuhusu uongozi, tulianza kwa zamu, kila siku mtu mmoja, na kwa karatasi ilionekana haki tupu. Siku ya nne tulikuwa tunabishana stendi na wapiga debe wakitusikiliza. Chagueni mtu mmoja wa njia na mwingine wa fedha, muwaache wafanye kazi, na lawama zisubiri chakula cha jioni.

Fedha igawanyeni mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mfuko wa pamoja wa nauli, malazi na milo, ambao mtu mzima huchangia sehemu nzima na mtoto nusu, na kila kilichotumika huandikwa usiku huohuo, hata kama ni maandazi. Fungu la pili ni la mfukoni mwa kila mtu na halihojiwi. Fungu la tatu ni fedha ya kurudia, yaani nauli ya moja kwa moja ya watu wote kutoka sehemu ya mbali kabisa ya safari hadi nyumbani, na haiguswi isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Yetu ilikuwa dola zilizokunjwa na kufungwa fundo kwenye pindo la khanga ya shangazi, khanga ambayo hakuwahi kuivua mbele ya mtu, na sijaona benki iliyotulia kuliko hiyo.

Kwa nini magharibi

Mtu akitazama ramani atauliza kwa nini tusivuke Ruvuma pale Kilambo, umbali mfupi tu kutoka mjini, au tusipite Daraja la Umoja pale Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, daraja la mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010. Wengi wetu tuna jamaa upande wa pili, na Mmakonde wa Newala na yule wa Mueda huelewana bila mkalimani. Hata hivyo, mkoa wa Cabo Delgado, huko ng'ambo Msumbiji, umekuwa na mashambulizi ya wanamgambo tangu Oktoba 2017. Kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilivamiwa Oktoba 2020, na mji wa Palma ulishambuliwa Machi 2021. Anayekwenda kwenye msiba wa ndugu ana sababu yake na anajua njia zake. Anayekwenda kutembea na watoto hana sababu ya kupita huko.

Njia ninayoipendekeza huelekea magharibi: Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako na Mbeya, kisha Malawi kwa kupitia Kasumulu, Zambia kwa kupitia Mchinji, hadi mji wa Livingstone, na kurudi nyumbani kwa Tunduma. Mikindani ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, akapandisha upande wa Ruvuma hadi Ziwa Nyasa, na kabla yake misafara ya Wayao ilikuwa ikishuka kutoka ziwani hadi bandari zetu za Kilwa, Lindi na Mikindani. Ninayoieleza hapa, basi, ni njia ya mababu, tofauti ikiwa lami na nauli.

Hati za kusafiria

Raia wa Tanzania hahitaji viza ya matembezi kuingia Malawi, Zambia wala Zimbabwe, na hilo peke yake huokoa fedha nyingi. Pasipoti lakini kila mtu awe nayo, hata mtoto mchanga. Pasipoti ya kielektroniki ilipoanza kutolewa mwaka 2018 ada yake ilikuwa Sh150,000, kwa hiyo familia ya watu wanne ianze kwa kuipangia hiyo kabla ya nauli. Maombi huanzia mtandaoni na kumalizikia Uhamiaji, na kinachochelewesha watu wengi ni cheti cha kuzaliwa, hasa cha mzazi aliyezaliwa kijijini na hakuwahi kuandikishwa. Anzeni kukitafuta miezi minne kabla. Pasipoti iliyobakiza chini ya miezi sita ihuishwe.

Mtoto asiyesafiri na wazazi wake wote wawili awe na nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa iliyoapwa mbele ya wakili, yenye namba za simu za mzazi aliyebaki. Maofisa wa mipakani wana haki ya kushuku watu wazima wanaovuka na watoto wasio wao, na ni heri washuku.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano muibebe. Sindano moja inatosha, cheti chake huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 hakina kikomo cha miaka 10 kama zamani. Piga picha kurasa zote muhimu, zitume kwenye simu mbili tofauti, na bado beba nakala za karatasi kwenye begi la mtu mwingine.

Begi lenyewe

Sehemu hii ndiyo hudharauliwa na ndiyo humaliza watu. Tulikubaliana kwamba mtu mzima asizidishe kilo 9 na mtoto kilo 4, kisha tukayapeleka mabegi yote kwenye mizani ya dukani, ambako rafiki yangu aliyeapa kwamba lake ni jepesi alikutwa na kilo 16, zikiwamo pasi ya umeme na jozi tatu za viatu. Mkishapima, vaeni mabegi hayo jioni moja na kutembea kutoka Ligula hadi ufukwe wa Shangani na kurudi. Mikanda inayokata mabega itajulikana hapo, na vitu vitatu au vinne vitarudi kabatini vyenyewe.

Begi zuri lina mkanda wa kiunoni, kwa sababu uzito hubebwa na nyonga na si mabega. Mabegi ya mitumba mara nyingi huwa imara kuliko mapya ya bei rahisi, ila kagueni zipu kwa kuzifungua na kuzifunga mara kumi. Ndani tandikeni kiroba cha sandarusi kilichooshwa, kipande kimoja kikubwa, ili mvua au mafuta ya buti la basi yasifike kwenye nguo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na Malawi nayo huizuia ile myepesi, hivyo msiitegemee.

Jambo ambalo mtu wa pwani hulisahau ni baridi. Usiku wa Juni mjini Makambako au Njombe ni baridi ambayo mtoto wa Mtwara hajawahi kuiwazia, na nyanda za juu za kaskazini ya Malawi hazina tofauti. Habari njema ni kwamba sweta za mitumba Mtwara huuzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa hazina mnunuzi. Kila mtu awe na sweta moja nzito, soksi mbili za sufu na kofia ya kuvuta masikioni, na avivae kuanzia Songea, asiviache kwenye buti.

Kwa nguo nyingine, jozi tatu zinatosha: moja mwilini, moja begini, moja kwenye kamba. Kitenge kimoja kwa kila mtu, mwanamume akiwamo, kina kazi zaidi ya kifaa chochote cha dukani: ni shuka, taulo, pazia la kubadilishia nguo, mto, na mbeleko. Malawi wanakiita chitenje, Zambia chitenge, na ukikijua jina lake umekwisha kuanza mazungumzo na mama wa sokoni.

Chakula cha barabarani kiwe korosho. Tulibeba kilo nne zilizobanguliwa na kukaangwa, zikagawanywa kwenye makopo manane ili kila mtu alaumu tumbo lake. Msibebe korosho ghafi, mbegu wala matunda mabichi, kwa kuwa wakaguzi wa mimea mipakani huvichukua. Korosho hizohizo ni zawadi: mwenye gesti aliyepewa gao mbili alitupunguzia bei bila kuombwa.

Hadi Kasumulu

Kutoka Mtwara hadi Mbeya kwa njia ya Songea ni zaidi ya kilomita 1,100, na kosa la kawaida ni kutaka kuzimaliza kwa pigo moja. Mabasi huondoka Mkanaledi alfajiri. Laleni Songea usiku wa kwanza na mkae siku nzima. Makumbusho ya Majimaji, mahali palipozikwa mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906, ni ya kutembelewa na watoto taratibu, kwa sababu wiki mbili baadaye watakutana na Wangoni wengine Chipata, Zambia, na kuuliza wenyewe imekuwaje. Mbeya kaeni siku mbili, mnunue dola kwenye duka la kubadilisha fedha lenye leseni, na mkatae noti chakavu au za matoleo ya zamani, kwa kuwa mbele hazipokelewi.

Kutoka Mbeya barabara hupanda hadi Tukuyu, katikati ya migomba na chai, kisha hushuka kuelekea joto la Kyela na mpaka wa Kasumulu. Shukeni asubuhi. Nitaeleza mpaka huu kwa kirefu, kwa kuwa atakayeujua huu ameijua na mingine.

Kabla basi dogo halijasimama, vijana wa kubadilisha fedha wameshika madirisha. Msitoe fedha, wala msiwape mabegi. Kiongozi wa njia atangulie, shangazi na watoto wafuate, na kijana mwenye nguvu awe wa mwisho. Gongeni muhuri wa kutoka upande wa Tanzania, kila mtu na pasipoti yake mkononi, kisha mvuke daraja la Mto Songwe kwa miguu na kugonga muhuri wa kuingia upande wa Malawi. Mkipata muhuri, msiondoke dirishani. Afisa huandika kwa kalamu idadi ya siku mlizopewa, na zikikosewa ni rahisi kurekebishwa hapohapo. Kwenye mpaka mmoja wa safari yetu, sisi saba tulipewa siku 30 na rafiki yangu akaandikiwa 7, huenda kwa mkono uliochoka, nasi tukagundua tulipokuwa mbali. Kurekebisha kulitugharimu nusu siku na ada ambayo daftari la mfuko wa pamoja lilibishaniwa hadi usiku.

Fedha badilisheni kidogo tu, ya siku moja, na mhesabu nyinyi wa mwisho, noti moja moja, kabla ya kuachia zenu. Kumbukeni kwamba Malawi na Zambia zote hutumia kwacha, na ni kwacha mbili tofauti kabisa kwa thamani. Isitoshe, Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye fedha yake Januari 1, 2013, na noti za kabla ya hapo hazinunui hata peremende. Mimi niliwahi kupewa fungu la noti hizo, safi na zenye tarakimu nono, na nikajiona tajiri kwa muda wa dakika kumi hivi. Someni mwaka ulioandikwa kwenye noti.

Halafu saa. Malawi, Zambia na Zimbabwe ziko nyuma yetu kwa saa moja, na wao huhesabu saa kwa mtindo wa Kizungu. Mkiambiwa basi linaondoka saa saba, wanamaanisha ile tunayoiita saa moja asubuhi, ambayo kwa saa ya Mtwara ni saa mbili. Andikeni kwenye daftari saa za tiketi kwa tarakimu za simu, na muhakikishe simu zimejirekebisha. Jua nalo huzama mapema: mwezi Juni, ikifika saa kumi na mbili ya jioni kwa saa ya huko, kiza kimekwisha kuingia, kwa hiyo pangeni kuwasili kila mji kabla ya saa kumi.

Malawi

Karonga iko chini ya kilomita 60 kutoka mpakani, na Kiswahili bado kinakupeleka sokoni, kwa kuwa Wangonde wa huko na Wanyakyusa wa Kyela ni ndugu kwa lugha. Baiskeli za abiria huitwa kabaza, na magari ya wazi yanayobeba watu na mizigo huitwa matola. Panda matola pale tu ambapo hakuna kingine, na kamwe usiku.

Kusini ya Karonga, pale Chitimba kando ya ziwa, barabara ya vumbi yenye kona kali zipatazo ishirini hupanda hadi Livingstonia, misheni ya Waskoti iliyohamia kwenye uwanda huo mwaka 1894. Vijana wapande kwa miguu, ni kilomita kama 15, watoke alfajiri na maji lita mbili kila mmoja. Wazee na watoto wapande gari au wabaki ufukweni, na hapa ndipo ile ruhusa ya kuachana kwa mpango inapofaa. Juu kuna maporomoko ya Manchewe na mandhari ya ziwa ambayo rafiki yangu aliyabeba yote kwenye simu na kuisahau simu kwenye gari.

Nkhata Bay, kilomita 50 hivi kutoka Mzuzu, ndipo pa kupumzika siku tatu nzima. Kuleni chambo, samaki wa jamii ya perege, kwa nsima, ambayo ni ugali mlaini kuliko wetu. Usipa wao ni dagaa, na mandasi ni maandazi. Kuogelea kunavutia, ila ziwa lina kichocho, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Ogeleeni mbali na majani, jikausheni kwa kusugua mara mnapotoka, na miezi miwili au mitatu baada ya kurudi mpime hospitali, kwa kuwa tiba yake ni vidonge na ni rahisi ikiwahi.

Meli ya Ilala, inayofanya kazi ziwani tangu mwaka 1951, hutoka hapo kwenda kisiwa cha Likoma. Ratiba yake huvurugwa na matengenezo, kwa hiyo muulize bandarini mkifika, msiifunge kwenye mpango. Mkiipata, mtu wa Masasi ana sababu yake ya kwenda. Likoma kuna kanisa kuu la mawe la Mtakatifu Petro, lililoanza kujengwa mwaka 1903 na UMCA, misheni ileile ya Waanglikana iliyoanzisha kituo cha Masasi mwaka 1876. Chauncy Maples, aliyehudumu Masasi na Newala, alikwenda kufanya kazi Likoma, akafanywa askofu wake mwaka 1895, na mwaka huohuo akazama ziwani akisafiri kurudi kisiwani. Shangazi, ambaye si Mkristo, ndiye aliyekaa ndani ya kanisa hilo muda mrefu kuliko sote. Alisema mawe yake yanamkumbusha nyumba za misheni alizoziona utotoni.

Mwenye wazee wanaozungumza Kiyao aongeze siku mbili na kushuka Mangochi, kusini ya ziwa. Wayao wa huko ni wengi na Waislamu kwa sehemu kubwa, chakula halali hakisumbui, na niliona jambo la ajabu: kwa siku mbili mimi, kiongozi wa njia, sikuwa na kazi. Shangazi alipanga bei, alichagua gesti, alitukatia tiketi, na jioni alikuwa amekaa barazani mwa watu asiowajua akitaniwa kama mtu wa ukoo. Watoto wangu, ambao nyumbani humjibu kwa Kiswahili, walirudi na maneno ishirini ya Kiyao.

Malawi hupatwa mara kwa mara na uhaba wa mafuta, na basi linaweza kuahirishwa bila taarifa. Wekeni siku mbili za akiba katika nchi hii peke yake.

Zambia, na ng'ambo kidogo

Kutoka Lilongwe hadi mpaka wa Mchinji ni saa mbili hivi, na Chipata ni karibu upande wa pili. Kinyanja cha mashariki ya Zambia na Lusaka ni Kichewa kilekile, hivyo “zikomo” mliyojifunza Malawi bado ni asante. Chipata hadi Lusaka ni zaidi ya kilomita 560 na ni siku nzima, na Lusaka hadi Livingstone ni kilomita kama 480. Lusaka yenyewe sikuiona kuwa mji wa kutembea na watoto na mabegi. Laleni, fueni, ondokeni. Mgawo wa umeme hutokea, kwa hiyo chajini simu kila mnapoona umeme.

Maporomoko ya Victoria pale Livingstone, yaani Mosi-oa-Tunya, jina linalomaanisha moshi unaonguruma na ambalo Mswahili hulielewa nusu yake bila kufundishwa, yana upana wa kilomita 1.7 na kimo cha mita 108. Juni na Julai maji bado ni mengi bila kuziba macho kwa mvuke kama Aprili, ilhali Oktoba na Novemba upande wa Zambia hukauka sehemu kubwa. Fungeni simu na pasipoti ndani ya sandarusi, kwa kuwa mtalowa. Wenye pasipoti zetu wanaweza kuvuka daraja la mwaka 1905 kwa miguu na kuona upande wa Zimbabwe, mradi wahesabu ada ya kuingia hifadhini kwa kila upande, na watoto waulizwe bei yao dirishani.

Kurudi

Treni ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi hadi Mbeya ingekuwa njia yangu ya kwanza, kwa kuwa watoto hulala na wazee hunyoosha miguu, lakini safari zake za abiria husitishwa na kubadilishwa, na mwenye siku chache aulize mapema na awe na nauli ya basi mkononi. Kwa basi, Lusaka hadi Nakonde ni kilomita 1,000 hivi. Zikateni mara mbili kwa kulala Mpika. Mpaka wa Nakonde na Tunduma tangu mwaka 2019 una kituo cha pamoja, hivyo mihuri yote miwili hugongwa chini ya paa moja, na saa mliyozawadiwa Kasumulu mtadaiwa hapo. Basi la Tunduma linaloondoka saa tatu linaondoka saa tatu ya Tanzania, na simu iliyobaki na saa ya Zambia itawaacha.

Kwacha zilizobaki zibadilisheni zote Tunduma, za Malawi na za Zambia. Mtwara hakuna wa kuzinunua. Daftari la mfuko wa pamoja lifungeni Mbeya, kabla watu hawajatawanyika na kuanza kukumbuka kila mmoja lake: someni matumizi kwa sauti, gawaneni kilichobaki, kila mtu atie saini. Kilichobaki kwetu kilitosha kumnunulia kaka yangu chitenge na redio ndogo, naye alivipokea akiwa na bomba la salfa mgongoni, akauliza ni nani kati yetu atakayeingia duru ya tatu kesho asubuhi.